Tunamshangilia Girmay, Tunamcheka Mwenye Phoenix

Jumapili ya tarehe 2 Machi 2025 tulikuwa watu 7 kwenye chumba cha hosteli cha watu 4. Simu moja imeegemezwa kwenye chupa ya maji, bando la mtu mmoja, kelele za watu wote. Kigali mvua ilikuwa inanyesha. Ilikuwa siku ya mwisho ya Tour du Rwanda, zile mbio za baiskeli za hatua, na waandaaji wakaona barabara zimekuwa hatari, wakaifuta hatua ya siku hiyo. Fabien Doubey, Mfaransa wa timu ya TotalEnergies, akatangazwa bingwa wa mbio nzima kwa muda aliokuwa nao mpaka jana yake.

"Ubingwa wa mezani huo!" akapayuka jamaa mmoja wa Manyoni, Yanga damu.

Basi, jioni ikaishia hapo. Nusu ya chumba inasema bingwa hakustahili, nusu inasema anastahili, na mwenye simu analalamika kwamba GB yake inaisha watu wakiangalia waendeshaji wamevaa makoti. Siku 6 baadaye ndiyo ikaja dabi ya Kariakoo ya tarehe 8 Machi, ile ambayo Simba walisema hawachezi kwa kuwa walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, ikaahirishwa mpaka tarehe 25 Juni. Kwa hiyo mwezi ule mzima neno "mezani" halikututoka mdomoni. Lakini kwenye baiskeli neno hilo halina maana, na aliyetuelewesha ni dada mmoja wa uhasibu ambaye muda wote alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo zake.

"Nyie mnafikiri hii ni fainali," alisema. "Hii ni koswek."

Nawaelezea na ninyi msiofuatilia, maana mfano wake ulikuwa bora kuliko wa mtangazaji yeyote. Mbio za hatua zinakwenda siku nyingi. Tour du Rwanda ni kama wiki moja. Tour de France ni hatua 21 kwa wiki 3, na mwaka 2024 ilikuwa karibu kilomita 3,500. Kila siku kuna mstari wa kumalizia na mshindi wake wa siku. Ila muda wa kila mwendeshaji unaandikwa na kujumlishwa, na yule mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayevaa jezi ya njano. Unaweza usishinde siku hata moja na bado ukawa bingwa. Unaweza ukashinda siku 3 na usionekane hata kwenye 50 bora ya msimamo wa jumla. Doubey hakupewa kitu mezani. Koswek yake ilikuwa imejaa, na UE iliyofutwa ilifutwa kwa wote.

Hapo ndipo swali la Girmay lilipopata jibu, kwa sababu wengi wetu tuliingia kwenye baiskeli kupitia kwake. Biniam Girmay, kijana wa Asmara aliyezaliwa mwaka 2000, tarehe 1 Julai 2024 alishinda hatua ya 3 ya Tour de France iliyomalizikia Turin, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua kwenye mbio hizo zilizoanza mwaka 1903. Akashinda tena hatua ya 8, akashinda ya 12, akaanguka Nîmes kwenye hatua ya 16 karibu kabisa na mstari, akaamka, akafika mwisho na jezi ya kijani, ambayo ni ya pointi. Kombe la jumla akachukua Tadej Pogačar wa Slovenia. Watu wa chumba chetu waliona kuna dhuluma: mtu kashinda mara 3, iweje asiwe bingwa? Dada wa uhasibu akamaliza: "Girmay ana A za masomo matatu na zawadi ya idara. Pogačar ana GPA." Tukacheka, tukaelewa.

Nimeanza na hadithi hii kwa sababu naipenda, na kwa sababu ushabiki wa baiskeli hapa chuoni umekua. Mwaka wangu wa kwanza ungetaja msafara wa Tour de France watu wangedhani unaongelea watalii. Sasa ukipita kwenye vimbweta mwezi Julai utasikia watu wanabishana kama Vingegaard amechoka au anajificha. Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, hata watu waliokuwa likizo vijijini walikuwa wanapiga simu kuuliza Pogačar yuko wapi. (Alikuwa mbele. Alishinda. Remco Evenepoel wa pili, Ben Healy wa tatu.) Kilomita 267.5 kwa siku moja: hiyo ni zaidi ya kutoka hapa Singida mpaka Dodoma. Mita 5,475 za kupanda ukizijumlisha vilima vyote: hiyo inakaribia urefu wa Kilimanjaro. Kati ya wanaume wote walioanza, 30 tu ndio waliomaliza.

Sasa niseme lililonileta. Sisi mashabiki wa baiskeli wa chuo hiki ni wanafiki, na mimi ni mmojawapo.

Kwenye kile chumba cha watu 7, wa saba alikuwa kijana wa mwaka wa pili ambaye kwao ni upande wa Ilongero, na hapa mjini anakaa kwa mjomba wake Unyambwa. Ni mpole, haongei sana. Tulipokuwa tunabishana kwa nini timu nzima inamfanyia kazi mtu mmoja, yeye ndiye aliyetuambia kitu ambacho sisi wenye bando hatukukijua. Alisema anayetangulia ndiye anayepigwa upepo kwa niaba ya wenzake. Kwao wakitoka mnadani na mizigo wanafuatana nyuma kwa nyuma na kupokezana, kwa sababu mmoja akikaa mbele njia nzima, kesho yake hawezi kwenda shamba. Upepo ukitoka ubavuni, akasema, hamfuatani tena mstari mnyoofu, mnajipanga mshazari ili kila mmoja ajikinge kwa mwenzake. Na yule wa mwisho kabisa kwenye ukingo wa barabara ndiye anayeumia, maana hana pa kujificha.

Anayeijua Singida ya Julai na Agosti anaujua huo upepo. Unabeba mchanga, mabati, na ndoo tupu za watu. Na hicho alichokisema ndicho kinachoamua mbio kubwa za Ulaya siku za tambarare: msafara unakatika vipande kwa upepo wa ubavu, na bingwa aliyekaa vibaya anapoteza dakika asizozirudisha mpaka mwisho. Timu zina watu 8 kwenye Tour de France, na zaidi ya nusu yao kazi yao ni hiyo: kukata upepo, kushuka nyuma kwenye gari kuchukua chupa za maji na kuzipeleka mbele, kumpa kiongozi tairi yao yake ikipata pancha. Wanamaliza wa 90, wa 110, na hakuna anayewataja. Ni kazi ya kikundi kama zile tunazopewa darasani, isipokuwa huko wanaobeba wenzao wanalipwa.

Tulimsikiliza kwa heshima jioni ile. Nilimwona kama mtaalamu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa getini na wenzangu wawili, tunanunua chapati. Akaja yuleyule kijana, juu ya Phoenix nyeusi, keria nyuma imefungwa kwa mpira, suruali ameikunja mguu mmoja isishikwe na cheni. Mmoja wetu akasema kwa sauti, "Huyo Pogačar anakuja!" Mwingine akaongeza, "Mpisheni, ana jezi ya njano!" Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Wakacheka. Mimi nilicheka pia, tena si kwa kujilazimisha. Yeye akatabasamu, akashuka, akaikokota mpaka ndani.

Wiki iliyofuata alikuwa anaiacha kwa fundi baiskeli, mita kama 300 kabla ya geti, na kumalizia kwa mguu. Sikuuliza kwa nini. Nilijua.

Fikiria tulichokifanya. Usiku tulikuwa tunahesabu sekunde za wanaume wa Slovenia na Ubelgiji kwa bando la mwenzetu. Asubuhi mtu pekee katika sisi sote anayejua kwa mapaja yake mwenyewe kilima ni nini, tunamgeuza kichekesho. Na utani wenyewe ulikuwa ni jina la bingwa tunayemwabudu. Ukikiangalia vizuri, ilipaswa iwe sifa.

Nikaanza kuwaangalia mashabiki wenzangu, na nikaona hatuipendi baiskeli. Tunapenda jezi, drone, milima ya Alps kwenye kioo cha simu, na kuweza kutamka majina ambayo wengine hawawezi. Baiskeli yenyewe tunaiona kila siku na hatuioni. Simama dakika 20 kwenye barabara ya kuingia mjini asubuhi. Utaona mkaa magunia mawili yamesimamishwa kama kuta. Utaona kuku wa kienyeji kwenye matenga wanaelekea stendi, safari yao ni Dar. Utaona madumu ya maji, alizeti inakwenda kukamuliwa, mama mjamzito amekaa pembeni kwenye keria. Watu hawa wanapanda na kushuka bila gia. Kwa majirani zetu wa Shinyanga baiskeli ya abiria inaitwa daladala, na bodaboda yenyewe, kabla ya pikipiki, ilikuwa baiskeli ya kuvusha watu mpakani Busia.

Na jambo lililonivua nguo kabisa ni hili. Aprili 2025, mwezi mmoja tu baada ya ule ubishi wa Doubey, michezo ya Mei Mosi kitaifa ilikuja Singida. Wafanyakazi wa taasisi mbalimbali walikuja hapa kushindana, na mbio za baiskeli zilikuwa kwenye ratiba. Barabara ni zetu, kiingilio hakuna, bando halihitajiki. Katika wale watu 7, waliokwenda kuangalia ni wangapi? Mmoja. Mnamjua. Sisi tuliobaki tulikuwa tunaangalia marudio ya mbio za Ubelgiji.

Watasema mbio za wafanyakazi si Tour de France. Ni kweli, kuna baba zetu wenye vitambi walioshindana pale. Lakini nawauliza, mnadhani Wanyarwanda walianzia wapi? Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988 kama mbio ndogo za nyumbani. Baadhi ya waendeshaji wa mwanzo wa timu yao ya taifa walitokea kwenye kubeba abiria na mizigo kwa baiskeli, sawa na hao wa daladala ya Shinyanga. Adrien Niyonshuti akafika Olimpiki ya London 2012. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kushinda Tour du Rwanda tangu iingie kwenye kalenda ya kimataifa mwaka 2009. Na muda wote huo kulikuwa na watu barabarani. Angalia picha za vilima vya Kigali: wamejaa kwenye kingo, kwenye miti, juu ya mapaa, watoto wa shule na sare zao, kwa ajili ya msafara unaopita kwa dakika moja. Mwendeshaji akipita wa mwisho, wanapiga makofi vilevile. Mimi nadhani makofi ya yule wa mwisho ndiyo yaliyojenga mchezo ule kuliko hela, ingawa hela nazo zilikuwepo, tena za serikali.

Hapo kwenye serikali nisiruke, kwa sababu na sisi hatukuruka. Jioni ile ya Machi kulikuwa na mwenzetu wa Kigoma, mwenye ndugu upande wa pili wa ziwa, na yeye hakutaka kushangilia chochote. Goma ilikuwa imeangukia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari, njia ya mbio ilipangwa kufika Rubavu ambayo imeshikana na Goma, na timu ya vijana ya Soudal Quick-Step ilikuwa imejiondoa. Alituambia kwamba barabara nzuri isitusahaulishe inapoelekea. Sikuwa na jibu siku ile, na leo sina. Ninachojua ni kwamba wale watoto wa juu ya miti hawakupanga vita yoyote, na kwamba yeye naye alibaki chumbani mpaka simu ikazimika.

Turudi kwenye Phoenix. Nimewaambia watu kadhaa nia yangu ya kuandika haya, na pingamizi nzuri kuliko zote sikuipata kwa wanachuo. Niliipata kwa baba yangu kwenye simu. Alisema: "Mwanangu, mimi nimeendesha baiskeli miaka 22 ili wewe usiendeshe." Nikanyamaza. Huwezi kumjibu mzee aliyesukuma magunia ya alizeti kwenye mchanga ili upate ada, ukamwambia baiskeli ni mchezo mzuri. Kwake baiskeli ni mgongo unaouma. Chuo kwake ni mahali ambapo mgongo huo unapumzika. Kwa hiyo kicheko cha getini hakikuzaliwa getini. Tumekuja nacho kutoka nyumbani, na tumekipewa kwa upendo. Tunamcheka mwenye Phoenix kwa sababu anatukumbusha tulikotoka jana, na bumu bado halijatosha kutupeleka mbali sana.

Nakubali yote hayo. Lakini baba hakumcheka mtu. Hilo ndilo ninalolisema mimi, na wala sisemi kila mtu anunue baiskeli.

Pingamizi la pili lilitoka kwa yule dada wa uhasibu. Alisema wanaume mnaongelea aibu, sisi tunaongelea kufa. Barabara kuu inayopita hapa inakwenda Nzega, Kahama, Rusumo, mpaka hukohuko Kigali. Malori ya Rwanda na Kongo yanapita usiku na mchana, na ukifika mlima Sekenke kuelekea Shelui utaona mwenyewe yanavyoshuka. Njia ya baiskeli hakuna. Ukisikia honi nyuma unaingia kwenye mchanga, unashukuru Mungu, unaendelea. Na msichana akipanda baiskeli, kabla ya lori kuna midomo: sketi yake, mapaja yake, "huyo kashindikana." Alisema anaijua Kimberley Le Court wa Mauritius, aliyevaa jezi ya njano kwenye Tour de France ya wanawake mwaka 2025 na kushinda hatua mbio hizohizo, na kwamba anamfurahia kuliko Girmay. Lakini Le Court akifanya mazoezi kuna gari la timu nyuma yake. Yeye akienda sokoni kwa baiskeli, nyuma yake kuna lori la mafuta.

Hapo sina utani. Mwenzetu akitoka Unyambwa asubuhi kwa baiskeli anahitaji mambo mawili: lori limwone, na sisi tusimcheke. La kwanza linahitaji TANROADS, manispaa na bajeti. La pili ni la kwetu. Kuna watu wataniambia la kwanza ni kubwa kuliko la pili. Ni kubwa, ndiyo. Lakini barabara hujengewa watu wanaohesabiwa, na kama wasomi wenyewe wanaficha baiskeli kwa fundi kabla ya geti, nani atajua kwamba kuna wanafunzi wanaohitaji hiyo njia?

Nilipiga hesabu yangu binafsi. Bodaboda kwenda na kurudi ni 2,000 kwa siku. Siku 5, wiki 16 za semista: 160,000. Hiyo inakaribia bei ya baiskeli nzuri ya mtumba hapa mjini, na bado nilikopa hela ya kuchapisha ripoti. Nilikuwa nalipa 160,000 kila semista ili nisiitwe Pogačar.

Kwa hiyo ombi langu, Mheshimiwa Waziri wa Michezo wa serikali yetu ya wanafunzi, na najua jarida hili unalisoma kwa sababu picha yako ipo ukurasa wa 3. Wiki ya michezo tuna mpira wa miguu, netiboli, kuvuta kamba, kufukuza kuku, na mashindano ya kula. Weka baiskeli. Usiweke mbio za mzunguko mmoja uwanjani za kuchekesha watu kabla ya fainali ya mpira. Weka mbio za hatua, siku 3. Siku ya kwanza fupi, ya mtu mmojammoja dhidi ya saa. Siku ya pili barabara ya vumbi, kuzunguka upande wa ziwa Kindai, kwenye upepo. Siku ya tatu itafutwe njia yenye kilima, mbali na malori. Baiskeli ziwe zisizo na gia, Phoenix na ndugu zake, ili mwenye hela asinunue ubingwa. Wasichana wawe na mbio zao kamili, si nusu ya umbali. Vinahitajika kofia ngumu za kuazima, askari wa usalama barabarani, gari la huduma ya kwanza, saa na daftari. Daftari ndilo muhimu kuliko vyote, kwa sababu bila kujumlisha muda hakuna mbio za hatua, kuna watu wanaokimbizana siku 3. Kalamu nina yangu, na najua mhasibu.

Kuna mtu ataniuliza kama hayo ndiyo yatakayomtoa Girmay wa Singida. Sijui, na sijali sana. Girmay ni wa Waeritrea, ambao walikuwa na baiskeli barabarani miaka mingi kabla dunia haijawaona. Mwaka 2015, Daniel Teklehaimanot alipoivaa jezi ya madoa mekundu ya milima kwenye Tour de France, Girmay alikuwa mtoto wa miaka 15 huko Asmara. Chris Froome aliyechukua Tour mara 4 alizaliwa Nairobi na kujifunza kwa David Kinjah kule Kikuyu, kwenye barabara za vumbi pamoja na vijana wa kijijini. Kila nikisema "Girmay wetu" siku hizi ulimi unakwama kidogo. Wetu kwa lipi? Mwendeshaji ninayeweza kusema ni wangu, maana tunasoma naye, nilimfanya ashuke na kukokota.

Nilimwomba radhi mwezi uliopita. Ilikuwa kwenye foleni ya kantini, si mahali pazuri. Alisema ameshasahau, kwa namna ambayo mtu asiyesahau husema. Kisha akaniambia kitu kuhusu mbio za Kigali ambacho bado nakifikiria: kwamba yeye hakuwa anamwangalia Pogačar. Alikuwa anawaangalia wanaoacha njiani mmoja baada ya mwingine, anajiuliza wanarudije hotelini, nani anawabebea baiskeli.

Tour du Rwanda inarudi mwisho wa Februari. Tutaangalia chumba kilekile, safari hii bando nanunua mimi. Amesema atakuja. Nikamwambia aje na Phoenix, ailete mpaka mlangoni, nafasi ipo. Akasema ataangalia. Fundi naye ni mtu mzuri, akasema, na hatozi hela ya kulinda.